Kompyuta Kuukuu Inapogoma: Tuangalie Betri na Mipangilio Kabla ya Kufuta Diski



Somo letu la toleo hili linahusu kompyuta kuukuu inayokataa kuanza baada ya mipangilio yake ya ndani kubadilika. Pengine ndugu msomaji utauliza: mambo haya yanamhusu nini mtu anayechuma chai, anayekata miwa, au anayesimama kwenye mashine ya kiwanda kutwa nzima? Yanamhusu sana. Zamani mzee wa West Nile aliyekwenda kukata miwa Kakira au Lugazi aliweza kuinama juu ya daftari la karani akaliona jina lake na alama ya kila siku aliyofanya kazi. Leo kilo zetu, zamu zetu na saa zetu za ziada zimo ndani ya kompyuta, na chama chenyewe kimeweka humo orodha ya wanachama na ada zao. Kompyuta hiyo ikigoma, hesabu ya jasho letu imefungiwa ndani. Na mara nyingi fundi wa kwanza kuitwa husema: "Tufute, tuanze upya."

Twaleta hapa jambo lililotupata sisi wenyewe wa kamati ya elimu, kati ya Arua na Koboko. Tumelichagua kwa sababu ndani yake mna karibu kila kosa ambalo mtu anaweza kulifanya, likiwemo moja letu.

Tawi letu moja la Koboko ni la wafanyakazi wa ghala la majani ya tumbaku. Wengi ni akina mama wanaochambua majani na kuyatenga kwa daraja. Kwa muda wa miezi 14 katibu wa tawi, ambaye naye huchambua majani kama wenzake, alikuwa akiandika kila Jumamosi saa za kila mmoja kwenye kompyuta ya mezani iliyonunuliwa kuukuu kutoka Kampala. Sheria ya Ajira ya Uganda ya mwaka 2006 yasema saa za kawaida za kazi zisizidi 48 kwa wiki. Saa za ziada zilipwe si chini ya mara moja na nusu ya malipo ya saa ya kawaida, na siku ya sikukuu ya taifa zilipwe mara mbili. Malipo hayo hayakuwa yametolewa. Shauri lilikuwa limekwisha kufikishwa kwa ofisa wa kazi wa wilaya, na siku ya kusikilizwa ilikuwa Alhamisi. Jumatatu ya wiki hiyohiyo, asubuhi, kompyuta haikuanza. Karatasi za asili zilikuwapo, lakini zile za miezi ya mwanzo zilikuwa zimekwisha kuliwa na mchwa.

Mambo yalikwenda hivi. Chumba cha tawi hupata umeme wa jenereta ya jirani, nayo huzimwa jioni. Ijumaa ilizimwa kama kawaida, na Jumamosi na Jumapili haikuwashwa. Jumatatu kijana mmoja anayemsaidia katibu kuchapa barua aliwasha kompyuta, akaona skrini nyeusi yenye maandishi meupe: "CMOS checksum error - Defaults loaded", na chini yake maelezo kwamba abonyeze F1 ili aendelee. Akabonyeza F1. Windows ikaanza, rangi ya buluu ikapita kama umeme wa radi, kompyuta ikajizima na kujiwasha tena. Mara ya pili hivyohivyo. Mara ya tatu hivyohivyo. Kijana yule ni mwerevu na hapendi kushindwa. Akaingia ndani ya mipangilio, akabadilisha hapa, akabadilisha pale, akahifadhi, akatoka. Sasa hata ile buluu haikuonekana tena. Skrini ilisema tu: "DISK BOOT FAILURE, INSERT SYSTEM DISK AND PRESS ENTER".

Akaitwa fundi wa mjini. Alitazama kwa dakika tano.

"Mama, diski hii imekufa. Naifuta, naweka Windows mpya, kesho unafanya kazi."

Katibu akamwuliza: "Mwanangu, kama imekufa, hiyo Windows mpya utaiweka wapi?"

Fundi akacheka, asiwe na jibu. Katibu akamshukuru kwa kuja, akang'oa waya wa umeme, akafunga mlango kwa kufuli, akatupigia simu Arua. Twasema wazi kwamba swali lile la katibu ndilo lililookoa shauri. Sisi tulileta bisibisi tu.

Kabla hatujaendelea, hatuna budi kuelewa kinachotokea mtu anapobonyeza kitufe cha kuwashia. Kompyuta haianzi na Windows. Inaanza na programu fupi iliyo ndani ya chipu moja kwenye bodi kuu, ile ambayo mafundi huiita mazabodi. Programu hiyo huitwa bayosi, na kwenye skrini utaiona imeandikwa BIOS. Kazi yake ni kama ya mnyapara wa shambani alfajiri. Kabla ya kazi kuanza huita majina: kumbukumbu ipo? kibodi ipo? skrini ipo? diski ipo? Akiisha kuridhika huenda kwenye diski, huamsha sehemu ya kwanza ya Windows, huikabidhi kazi, naye hukaa kando. Mnyapara huyu ana kijitabu chake cha maagizo: leo ni tarehe gani na saa ngapi, diski ipi iitwe kwanza, mlango upi wa diski uwe wazi na upi ufungwe, na diski isemeshwe kwa lugha gani. Kijitabu hicho ndicho tunachokiita mipangilio.

Sasa, katika kompyuta za zamani kijitabu hicho hakikuandikwa kwa wino, bali ni kama kimeandikwa kwa chaki. Kinakaa katika kumbukumbu ndogo ambayo hufutika umeme ukiiacha, na kinacholinda chaki hiyo isifutike ni betri moja ya duara iliyolala juu ya bodi kuu, yenye ukubwa wa sarafu. Kompyuta za kwanza za IBM za mwaka 1981 hazikuwa na betri hiyo. Mwenye kutaka kubadilisha mipangilio alifungua kifuniko na kusogeza viswichi vidogo kwa ncha ya kalamu. Mwaka 1984 IBM ilitoa modeli iliyoitwa AT, yenye saa na kumbukumbu ya mipangilio inayolindwa na betri, na watengenezaji wengine wakafuata mtindo huo.

Betri hiyo huandikwa CR2032. Herufi na tarakimu hizo si za bure. Tarakimu 20 ni upana wake, milimita 20. Na 32 ni unene wake, milimita 3.2. Nguvu yake ni volti 3. Ni betri ileile inayotumika katika rimoti za magari na mizani nyingi ndogo, kwa hiyo anayetengeneza saa sokoni anaweza kuwa nayo hata kama duka la kompyuta hakuna. Bei yake ni kama ya sahani ya enyasa na mchuzi. Hudumu miaka mingi, lakini kompyuta inayofika kwetu kuukuu mara nyingi hufika na betri iliyo ukingoni.

Hapa pana jambo ambalo yafaa tulitulie kidogo, maana linaeleza kwa nini mashine iliyokuwa nzima Kampala hufika Koboko ikageuka mgonjwa. Kompyuta ya mezani ikiwa imechomekwa ukutani na umeme upo, hata kama imezimwa, hupitisha umeme kidogo kwenye bodi kuu, na huo ndio unaolinda kile kijitabu. Betri haifanyi kazi yoyote. Inaweza kuwa imekufa mwaka mzima na hakuna ajuaye. Lakini ipeleke mashine hiyo mahali ambapo umeme huzimwa kila jioni. West Nile kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa. Umeme ulitoka kwenye jenereta za Arua na, tangu mwaka 2012, katika kituo kidogo cha maji cha Nyagak wilayani Zombo chenye megawati 3.5. Penginepo watu walijitegemea kwa jenereta zao na sola, na wengi bado wanafanya hivyo. Mahali kama hapo betri hufanya kazi kila usiku. Ikiwa dhaifu, usiku mmoja huvumilia. Siku mbili za mapumziko humaliza nguvu yake, chaki ikafutika, na mnyapara akaamka Jumatatu na kijitabu kitupu. Ndiyo maana ugonjwa huu hupenda kutokea Jumatatu, au baada ya sikukuu. Hapo bayosi hurudi kwenye maagizo ya kiwandani, ikaandika yale maneno ya "CMOS checksum error".

Dalili huwa zimetangulia. Tulipomwuliza katibu, alisema kwamba kwa wiki kadhaa saa ya kompyuta ilikuwa ikirudi nyuma kila asubuhi, wakati mwingine hadi miaka kumi na zaidi iliyopita, naye alikuwa akiirekebisha kwa mkono bila kufikiri neno. Ndugu, ukiona saa ya kompyuta inarudi nyuma kila inapozimwa, nunua betri wiki hiyohiyo.

Basi Jumanne alfajiri tulipanda teksi ya kwenda Koboko, safari ya zaidi ya kilomita 50, tukiwa na bisibisi, mita ya kupimia umeme, betri mbili mpya na flashi mbili.

Jambo la kwanza tulilofanya halikuhusu vyuma. Tulimwita yule kijana, tukaketi naye nje chini ya mwembe, tukamwambia hakuna atakayemgombeza. Tunataka tu atuambie alichokigusa. Kwanza alisema hakugusa kitu. Baadaye akasema aligusa kidogo. Mwishowe akasema yote aliyoyakumbuka: alibadilisha mpangilio wa diski ipi iitwe kwanza, na kuna mahali palipoandikwa neno "SATA" ambapo aliona neno "Enabled" akaweka "Disabled", akidhani anazima kitu kinacholeta kosa. Habari hiyo ilitupunguzia kazi ya nusu siku. Twawaomba makatibu wote: mtu akiharibu mashine, msianze na ukali, kwa sababu anayeogopa huficha, na kilichofichwa ndicho dawa.

Tukawasha mashine bila kugusa kitu, ili tusikilize. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka, na ukitega sikio karibu na kasha utasikia mvumo laini kama wa nyuki walio mbali. Katibu alitega sikio akasema: "Inazunguka." Ingekuwa inagonga tik, tik, tik, tungezima palepale na kuipeleka kwa mtu mwenye vifaa vya kuokoa diski, maana kila dakika ya kuwaka ingeiumiza zaidi. Lakini ilivuma vizuri. Diski haikuwa imekufa. Ilikuwa imefungiwa mlango.

Tukazima, tukang'oa waya wa ukutani, tukabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki ndani utoke. Tukagusa bati la kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa bodi, kwa sababu umeme mdogo wa mwilini, hasa wakati wa kiangazi, unaweza kuunguza chipu bila wewe kuhisi lolote. Kisanduku cha umeme, kile chenye feni na tundu la waya wa ukutani, hakifunguliwi kamwe: ndani yake mna vitu vinavyoshika umeme mkali hata baada ya waya kung'olewa. Tulipofungua kifuniko tukakuta vumbi jekundu la kutosha kuotesha mahindi. Tukalipangusa kwa brashi laini ya rangi. Betri ilitolewa kwa kusukuma kijino cha chuma kilichoishika. Mita ikaonyesha volti 1.4. Betri mpya huonyesha volti 3 au zaidi kidogo. Tukaweka mpya, upande wenye alama ya kujumlisha ukitazama juu, kama ilivyokuwa ile ya kwanza.

Kuitoa betri na kusubiri dakika kadhaa waya ukiwa umeng'olewa hufuta pia mipangilio mibovu aliyoiweka mtu. Bodi nyingi zina njia nyingine: pini tatu ndogo na kijiplastiki kinachounganisha mbili kati yake, ambacho mafundi hukiita jampa. Waya ukiwa umeng'olewa, jampa huhamishwa kutoka pini ya kwanza na ya pili kwenda ya pili na ya tatu, hukaa hapo kama sekunde kumi, kisha hurudishwa. Watu wengi husahau kuirudisha, halafu hushangaa kwa nini mashine imekufa kabisa. Njia hizi mbili ndizo za kutumia ikiwa skrini haionyeshi chochote na huwezi hata kuingia ndani ya mipangilio.

Tukawasha. Maandishi yakatokea, tukabonyeza kitufe cha Delete mara kwa mara mpaka ukurasa wa mipangilio ukafunguka. Kwenye mashine nyingine ni F2, au F10, au F1. Skrini ya kwanza husema ni kipi. Tukaweka tarehe na saa sahihi. Kisha tukachagua maneno yaliyoandikwa "Load Optimized Defaults", yaani rudisha maagizo ya kiwandani, ili tuondoe yote aliyoyachanganya kijana. Tukahifadhi kwa F10. Mashine ilipowaka tena, tuliingia tena ndani ya mipangilio kutazama, na jina la diski likatokea kwenye orodha! Huanza na herufi za mtengenezaji, kama ST kwa Seagate au WDC kwa Western Digital. Tukapeana mikono. Mmoja wetu alikwisha kuagiza chai.

Tulifurahi mapema. Tulipotoka kwenye mipangilio, Windows ilianza, buluu ikapita, mashine ikajiwasha upya. Tulikuwa tumerudi palepale alipokuwa kijana Jumatatu asubuhi kabla hajagusa kitu. Na hapa ndipo kosa letu linapotaka kuelezwa kwa kirefu, kwa kuwa hata mafundi hodari huanguka hapo na kukata tamaa, na baada ya kukata tamaa ndipo hufuta diski.

Tulidhani maagizo ya kiwandani ndiyo maagizo sahihi. Sivyo. Maagizo sahihi ni yale yaliyokuwamo siku Windows ilipowekwa. Bayosi inaweza kuisemesha diski kwa lugha zaidi ya moja: ya zamani, iandikwayo IDE, ya baadaye, iandikwayo AHCI, na ya tatu, RAID, iliyotengenezwa kwa ajili ya diski nyingi zinazofanya kazi pamoja. Windows 7 inapowekwa hujifunza lugha iliyoikuta siku hiyo na kuiacha nyingine. Ukibadilisha lugha baadaye, huamka, huita diski, haisikii jibu, huanguka. Mashine yetu ilitoka kiwandani ikiwa imewekwa IDE. Aliyeiuza Kampala aliibadilisha kuwa AHCI kabla ya kuweka Windows, na alifanya vyema, kwa kuwa AHCI ni bora zaidi. Lakini hakuandika popote. Betri ilipokufa, bayosi ikarudi IDE, na hakuna aliyejua kwamba iliwahi kuwa kitu kingine.

Tulijuaje? Ile buluu iliyopita upesi ina maandishi. Tuliiwashia mashine kamera ya simu, tukapiga filamu skrini, kisha tukaisimamisha filamu pale buluu ilipotokea. Mwisho wa maandishi palikuwa na tarakimu 0x0000007B. Hiyo ni alama ya Windows kushindwa kuifikia diski iliyoianzishia kazi. Katika Windows 10 badala ya tarakimu hizo utaona maneno "INACCESSIBLE BOOT DEVICE". Ukiona alama hiyo baada ya betri kufa au mipangilio kuguswa, usiilaumu diski kwanza. Ilaumu lugha.

Tukarudi ndani ya mipangilio, tukatafuta palipoandikwa "SATA Mode", tukaandika kwenye karatasi kwamba palikuwa IDE, tukaweka AHCI, F10. Mashine ikawaka. Ikatulia. Ikatokea picha ya ziwa aliyoiweka katibu, na juu yake faili zake zote. Ilikuwa yapata saa nane mchana. Chai ilikuwa imepoa.

Kubadilisha lugha hiyo peke yake hakufuti chochote kwenye diski; unaweza kujaribu moja, ukarudi, ukajaribu nyingine. Ila badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, na uandike lilivyokuwa kabla hujaligusa. Katika kujaribu, ikiwa skrini itakuuliza kama unataka kutengeneza kundi la diski, kuifanya diski iwe mpya au kuirekebisha, jibu ni hapana mpaka nakala ya faili iwe mkononi. Mashine nyingi za Dell za ofisini hutoka kiwandani zikiwa "RAID On" hata kama zina diski moja, kwa hiyo mwenye Dell iliyopoteza mipangilio ajaribu zote mbili, hiyo na AHCI.

Na kama yote hayo yangeshindikana? Bado tusingefuta. Diski hutoka kwa skrubu nne na kebo mbili. Huchomekwa katika kompyuta nyingine nzima kama diski ya pili, faili zikanakiliwa, kisha ndipo watu wazungumze habari ya Windows mpya. Fundi anayekataa kufanya hivyo kabla ya kufuta, asipewe mashine ya chama.

Tuliweka faili kwenye flashi mbili, moja akabaki nayo katibu na moja mweka hazina, na tukachapa jedwali lote kwenye karatasi jioni hiyohiyo. Tulitazama pia tarehe za faili. Wiki kadhaa za mwisho zilibeba tarehe za uongo, kwa sababu ya ile saa iliyokuwa ikirudi nyuma: jedwali la mwezi uliopita lilionekana kama limehifadhiwa zaidi ya miaka kumi kabla ya ghala lenyewe kujengwa. Hili si dogo. Mbele ya ofisa wa kazi, upande wa mwajiri una haki ya kuuliza hesabu hiyo iliandikwa lini. Hatukubadilisha tarehe hizo, kwa kuwa kuzibadilisha kungefanana na kughushi. Katibu aliandika maelezo ya ukurasa mmoja kuhusu betri, akaiambatanisha betri yenyewe katika bahasha, akatia sahihi pamoja na mashahidi wawili. Alhamisi shauri lilisikilizwa. Jedwali lilipokelewa, na mwajiri akaomba muda wa kulilinganisha na vitabu vyake.

Wenye kompyuta za miaka ya karibuni wajue tofauti moja. Katika nyingi za hizo mipangilio haikai tena kwa chaki. Imeandikwa ndani ya chipu, na betri ikifa hupotea tarehe na saa tu. Kwa hiyo zikigoma, mara nyingi ni mkono wa mtu. Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, vijana wengi wamesikia kwamba Windows 11 yataka mtindo mpya wa kuanza uitwao UEFI, nao huingia ndani ya mipangilio wakaubadilisha kutoka "Legacy" kwenda "UEFI" wakidhani ni kubonyeza tu. Diski iliyotayarishwa kwa mtindo wa zamani haianzi kwa mtindo mpya, wala ile ya mtindo mpya kwa wa zamani. Dawa ni kurudisha neno lilivyokuwa. Na kompyuta ikikudai namba ya siri yenye tarakimu 48 baada ya mipangilio kuguswa, usibahatishe wala usikubali ifutwe. Rudisha mipangilio ya awali kwanza, na mara nyingi itaacha kuuliza.

Mambo mengine mawili. Neno la siri la bayosi kwenye kompyuta nyingi za mkononi halifutiki kwa kutoa betri, kwa hiyo atakayeliweka aliandike na kulikabidhi kwa katibu na mwenyekiti. Na mtu asikushauri kuweka bayosi mpya mahali ambapo umeme hukatika ovyo. Ukikatika katikati ya kazi hiyo, bodi inaweza isiamke tena, na huo si ugonjwa wa kutibiwa kwa bisibisi na betri ya sokoni.

Ndani ya kifuniko cha mashine ya Koboko sasa kuna karatasi iliyobandikwa kwa gundi. Imeandikwa kwa kalamu: AHCI; diski iitwe kwanza; siku na mwezi wa kuwekwa betri. Kabla ya kufunga kifuniko tulipiga picha za kurasa zote za mipangilio kwa simu, na picha hizo ziko pia katika zile flashi. Kijana aliyeanza mambo yote ndiye aliyeandika karatasi hiyo, na sasa ndiye anayeitwa matawi jirani.

Betri za zamani msizitupe uani. Mtoto mdogo huziona kama peremende, na ikikwama kooni huweza kuunguza nyama ya ndani kwa muda wa saa mbili tu. Mtoto akiimeza, hata kama halii, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, na yule mzazi awaambie waziwazi kwamba ni betri.